Dresa na Dago la Ng'ambo ya Ruvu

Ukimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba. Toa ulimi."

Hakujali mmekutana wapi. Sokoni, mlangoni mwa msikiti, hata mazikoni, ulitoa ulimi, akautazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona humo mambo ambayo ni heri usiyajue, kisha akaenda zake. Bagamoyo nzima ilikuwa imezoea. Wageni waliotoka Unguja ndio walioshangaa, wakadhani huku mrima watu husalimiana kwa kutoleana ndimi.

Jina lake nalijua na kwao nakujua, lakini hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Dresa, mtu wa zahanati ya serikali, aliyefunga vidonda, akapiga sindano na kugawa kwinini kwa muda wote wa ujana wangu. Yeye naye hakutuita kwa majina. Alituita kwa maradhi tuliyompelekea mara ya kwanza. Mwenye duka la mafuta ya taa alikuwa Bwana Jipu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa Tegu, na jina hilo hakulipenda hata kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Siku ya kwanza nilifika kwake sindano ya mashine imenipita kidoleni, basi kwa miaka yote tuliyojuana nilikuwa Kidole. "Kidole, njoo!" angeita toka ng'ambo ya barabara, na wapita njia wakaanza kutazamana mikono.

Zahanatini alikuwa mkali. Ukimwambia unaumwa kila mahali, alikujibu, "Kila mahali hakuna dawa. Chagua mahali pamoja." Maji ya kunywa aliyachemsha, akayachuja, akayachemsha tena. Akikuona umeshika tunda lisilooshwa alikupokonya, akalitupa, akakuhutubia. Lakini mtu huyohuyo, akienda kuvua, alikata chambo cha pweza aliyeoza kwa kisu kimoja, na kwa kisu hichohicho akamenya chungwa lake, akalila akitazama mawingu. Nilipomwuliza, alisema vijidudu vya baharini ni vya chumvi, havidhuru.

Kwa watoto ndipo alipokuwa mtu mwingine. Kwinini ni chungu, na mtoto wa homa hamezi kitu kichungu kwa kuogopeshwa. Dresa alikaa kitandani pake, akamsimulia samaki. Palikuwa na chewa mmoja mkubwa kuliko mlango wa zahanati, aliyeishi ng'ambo ya mlango wa mto Ruvu, na ambaye yeye Dresa alikuwa karibu kumvua. Kila kijiko cha dawa kilikuwa na kipande chake cha hadithi. Mwaka ule wa surua alizunguka nyumba kwa nyumba, halali, macho yamemwiva, na bado sauti yake ilisikika kutoka madirishani: "Basi akanivuta mshipi, hivi, meza kwanza, nikuambie alivyonivuta."

Taabu ni kwamba watoto walipona, wakakua, wakaanza kuuliza. Siku moja kitoto cha kike cha jirani kilimsimamisha njiani, kikamwambia mbele za watu, "Dresa, yule samaki mbona humleti?" Nilikuwapo. Mtu aliyepasua majipu ya mji mzima bila kupepesa jicho aligeuka, akarudi alikotoka. Jioni ile alikuja dukani kwangu, akaketi juu ya robota la vitambaa.

"Kidole," akasema, "huyu samaki lazima nimvue kweli. Watoto wanapoteza imani nami."

Hivyo ndivyo alivyoanza kwenda dago. Wavuvi wetu wakiondoka majumbani kwenda kupiga kambi ufukweni na kuvua huko siku kadhaa, husema wanakwenda dago. Dresa alikuwa na Jumamosi mchana na Jumapili tu, basi dago lake lilikuwa la kuvizia: akifunga zahanati adhuhuri, mwenye ngalawa alitupeleka ng'ambo ya Ruvu, kule kusiko na kijiji, kwenye mchanga, mikoko, na viboko wanaokoroma mtoni, kisha akaturudia Jumapili alasiri. Nasema alitupeleka kwa sababu nilikuwa ninakwenda naye. Mtu akikuomba umshonee hema na hana senti ya kukulipa, anachoweza kukupa ni nafasi ndani yake.

Hema lile lina habari yake. Alinichorea mwenyewe juu ya mchanga, kwa fimbo, akaniambia aliliona la Mzungu mmoja, bwana shamba. Milango iwe miwili, upepo upite. Nikakata kitambaa cha merikani, nikashona. Tulipolisimamisha mara ya kwanza, tukarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa suruali. Suruali kubwa nyeupe ya mtu aliyelala kifudifudi, na sisi tungelala kila mmoja katika mguu wake. Dresa akalizunguka. "Limetoka vizuri," akasema. "Halina makwapa." Ili lisivuje, alilipaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na nta. Mvua halikuzuia, lakini sisimizi wa pwani nzima walilipenda.

Na uvuvi wake! Dresa aliogopa maji. Kuogelea hakujua, na akitazama mawimbi kwa muda kidogo tu tumbo lilimpanda. Ndani ya ngalawa alijifunika shuka gubigubi toka tunang'oa nanga mpaka tunagusa mchanga. Alipofika ufukweni alitafuta jiwe, akaketi, akaipa bahari mgongo, akarusha mshipi wake nyuma juu ya bega. Hivyo ndivyo alivyovua: uso umeelekea porini, mgongo umeelekea baharini, mkono mmoja sikioni kana kwamba samaki angebisha hodi. Mara ngapi ndoana imenasa kofia yangu, sitaki hata kukumbuka. Nikimwambia ageuke, alisema, "Usiniharakishe. Haraka ni ya anayehara tu."

Samaki aliyempata alikuwa bunju. Kila safari, bunju. Ni yule samaki wa sumu anayejitutumua tumbo likawa kama mpira ukimgusa, na haliwi, maana aliyemla haamki. Mvuvi mwingine humtupa akitukana. Dresa alimweka kwenye kiganja, akamgongagonga tumbo kwa vidole viwili, akasikiliza. "Maji yamejaa," akasema. "Huyu alipaswa kuja mapema." Kisha akamrudisha majini kwa upole na kumwambia apumzike.

Sasa nieleze safari moja, kwani hiyo ndiyo iliyonipa mke.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Shomari wa Zinga, mwenye minazi na biashara ya mbata, nimwoe binti yake Mwanahawa. Mshenga wangu alikuwa Dresa. Mzee Shomari alikuwa mtu wa maneno machache na hakuna aliyewahi kuona meno yake, ila Dresa, aliyemng'oa moja, na hata siku hiyo mzee hakutoa sauti. Dresa alimheshimu kwa hilo, akamwita Mzee Jino. Posa ilipofika, mzee alisema, "Nitafikiri." Akafikiri masika, akafikiri kipupwe, akaendelea kufikiri. Habari zilizotufikia kwa mlango wa nyuma ni kwamba hakuwaamini mafundi cherehani, watu wanaokaa kitako mchana kutwa, na kwamba kuna mfanyabiashara wa Dar es Salaam naye ameleta neno lake. Mimi nilikuwa silali. Nilimshonea mteja mmoja kanzu yenye mikono mitatu.

"Mlete dago," Dresa akasema.

"Nani?"

"Mzee Jino. Mtu humjui mpaka umelala naye mchangani. Atakuona unavyochota maji, unavyowasha moto. Atakupenda. Na mimi nitamvulia chewa."

Nilikataa. Yeye alikuwa ameshamwalika. Na la ajabu, mzee akakubali. Baadaye nilikuja kujua sababu: alitaka kuona kwa macho yake kama mtu anayesema sana kuhusu samaki anaweza kuwa anasema kweli.

Basi Jumamosi ile tulikuwa watatu. Mzee Shomari alikaa wima ngalawani kama mlingoti, kanzu safi, kofia iliyodariziwa, mkeka wake wa kusalia kwapani. Miguuni pake lilikuwapo furushi la shuka, na ndani ya furushi alikuwamo Dresa akigumia. Mzee alilitazama furushi, kisha akanitazama mimi.

Tulipofika tukasimamisha hema. Mzee akalizunguka taratibu kama Dresa alivyolizunguka mwanzo.

"Fundi," akaniambia, "umeishona wewe hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani, mzee?"

"Mwenye suruali."

Nilijua posa yangu imekufa. Jioni ile Dresa alivua bunju, akampima, akamuaga kwa heri. Tukala muhogo mkavu na tende.

Jumapili asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mzee aliomba mshipi. Akaenda ukingoni mwa maji, akasimama akiitazama bahari, akarusha mbele kama watu wote wanavyorusha. Hakusubiri sana. Akavuta changu mnene, mwekundu, akarudia akavuta mwingine. Dresa alikuwa jiweni pake amegeukia porini, hakuona ila alisikia samaki wanavyopiga mikia mchangani.

"Umewatazama usoni," akasema kwa uchungu. "Wameona haya, wamekuja."

Ili kurudisha heshima yake akasisitiza kupika. Mgeni avue na apike, wapi! Akawasha moto, akatia tui, tui likaungua. Akatia ndimu, pilipili, akatia tena tui juu ya lile lililoungua. Akafungua kisanduku chake cha dawa, alichokwenda nacho hata msikitini, akatoa kopo, akatia chumvi kwa mkono wa ukarimu. Tukala. Ulikuwa mchuzi mchungu, lakini mapishi ya Dresa yote yalikuwa machungu, na mbele ya mkwe huwezi kutema. Mzee alikula kwa adabu, akasema alhamdulillahi, akanawa.

Jua lilikuwa limepanda kidogo tu mzee aliposimama ghafla, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakunja kanzu, akaondoka kwa mwendo ambao sikujua anao. Ufuko ule ulikuwa mweupe kama sahani. Mikoko ilikuwa kwenye tope. Kichaka cha maana kilikuwa kimoja. Mzee alikuwa hajatoka humo mimi nikafika mbio, na nyuma yangu akafika Dresa, naye haraka zake siku hiyo hazikuwa na aibu.

Sitaeleza yote. Itoshe kusema heshima kati ya mkwe na mkwe haikuumbwa kwa kichaka kimoja. Mzee alitia udhu kwa maji niliyomchotea, akasimama mkekani, akafunga sala ya dhuha, mara uso ukambadilika, akakimbia. Akarudi, akatia udhu upya, akafunga sala, akakimbia. Mara ya mwisho hakurudi mkekani. Alilala ubavu mchangani, kijasho chembamba kimemtoka, akaniita.

"Fundi. Tumekula nini?"

"Changu, mzee. Umewavua mwenyewe."

"Na yule wa jana? Yule wa tumbo?"

Bunju. Nilikuwa nimemwona Dresa akimrudisha majini, au sikumwona? Kisu kilikuwa kimoja. Sufuria ilikuwa moja. Nikamtazama Dresa. Alikuwa amechuchumaa kando ya kisanduku chake, ametugeuzia mgongo, ameshika kopo. Nikakaa chini. Nikaanza kuona vidole vyangu vinakufa ganzi, kimoja baada ya kingine.

"Ndio mwisho huo," mzee akasema. Akatoa shahada, nami nikatoa yangu. Kisha akanishika mkono. "Fundi, mimi sikukupenda. Mungu anajua, siwezi kusema uongo sasa. Lakini nimekutazama tangu jana. Unaumwa, na bado unaniletea maji ya udhu. Kama mimi nikifa wewe ukapona, Mwanahawa nimekuoza. Dresa ni shahidi. Dresa! Umesikia?"

"Nimesikia vizuri sana, mzee," Dresa akasema bila kugeuka.

Mimi nililia. Sijui nililia kwa furaha au kwa mauti. Nimepata mke na ninakufa, na vyote viwili vimefika kabla ya adhuhuri.

Ndipo Dresa akasimama, akageuka, akakohoa kama anavyokohoa kabla ya kutangaza foleni imefungwa.

"Hakuna anayekufa," akasema. "Bunju yuko baharini na afya yake. Ninayo makopo mawili yanayofanana. Moja ni la chumvi ya kupikia. Jingine ni la chumvi ya haluli, ya kusafisha tumbo. Nimekosea kopo." Akatafakari kidogo. "Dawa yenyewe ni nzuri mno. Nitaagiza nyingine."

Mzee akajiinua kwa kiwiko.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu safari yako ya pili kichakani."

"Na ukaniacha nikatoa shahada? Nikaoza binti?"

"Mzee," Dresa akasema, "mimi simkatizi mgonjwa anapojieleza."

"Nilisema nikifa!"

"Na utakufa, inshallah, kama sisi sote. Ahadi iko palepale, tumekosea tarehe tu."

Nilifumba macho nikisubiri fimbo. Badala yake nikasikia sauti ambayo sikuitambua, kama mlango wa zamani unaofunguliwa. Mzee Shomari alikuwa anacheka. Alicheka amelala chali, kofia imemtoka, anapiga mchanga kwa viganja, pengo la lile jino linaonekana wazi. Alicheka mpaka ikambidi akimbie tena, na tukamsikia akicheka humo kichakani.

Mwenye ngalawa alipofika alasiri alitukuta tumekaa baharini, maji ya kifuani, watu watatu na sura za watoto waliopigwa. Hata Dresa aliyeogopa maji alikuwamo, amefumba macho na kumshika mkwe wangu bega. Mwenye ngalawa alisikia kisa, akasema chomboni mwake hatuingii. Wakabishana, mwisho akatukubalia tupande kwa sharti tukae kwenye mirengu, ile miti ya pembeni, miguu majini. Tukaingia Bagamoyo hivyo, mbele ya soko zima la samaki, tumejipanga kama mwewe watatu waliolowa. Watu walipouliza tumevua nini, Mzee Shomari ndiye aliyejibu.

"Mkwe," akasema.

Mimi na Mwanahawa tulioana baada ya mavuno. Mzee alipenda dago kuliko sisi wote, akawa anapita zahanatini kila Jumamosi kuuliza kama tunakwenda, na makopo aliyabeba yeye. Samaki mkubwa kuliko mlango hakupatikana. Dresa hakuwadanganya watoto kuhusu hilo. Alianza kuwasimulia siku ya kichaka kimoja, akaona wanameza kwinini vizuri zaidi kwa hiyo.

Kisha serikali ilimhamishia bara, mkwe wangu akafariki kwa uzee wake, miaka ikapita bila salamu.

Mara ya mwisho nilimwona Chalinze, njia panda. Mimi na Mwanahawa tulikuwa tumetoka kumtazama shangazi yake mgonjwa, tunangojea gari la kurudi pwani, kikapu cha ndizi kati yetu. Likasimama lori la kwenda upande wa Handeni, limejaa magunia, na juu ya magunia, amejifunga kitambaa kichwani kama bibi arusi, ameketi Dresa. Alikuwa amekonda. Alipotushukia kutupa mkono niliona vidole vyake vinatetemeka, vidole vilivyopata mshipa wa mtoto mchanga gizani bila kukosea. Akaona nimeona.

"Mikono imestaafu," akasema. "Mimi bado."

Nikamwuliza anakwenda wapi. Nyuki, akasema. Amesikia huko Uziguani kuna watu wanarina asali mchana kweupe, bila moshi, kwa kuwaimbia nyuki tu. Anataka kulala porini siku mbili tatu ajifunze. Ameshatunga wimbo wake. Akatuimbia kidogo. Haukuwa mzuri.

"Unakwenda na nani?" Mwanahawa akamwuliza.

Dresa akaufunga upya ule ushungi wake. "Nilidhani nitapata mtu njiani," akasema.

Dereva akawasha gari, Dresa akapanda tena juu ya magunia. Nilianza kumwambia kwamba gari letu la pwani liko karibu kufika, kwamba nina nguo za watu mezani, kwamba umri huu si wa kulala porini. Nilikuwa bado nasema nilipogundua mke wangu hayuko kando yangu. Alikuwa amekaza kanga kiunoni, ameweka mguu kwenye gurudumu.

"Wanauma, hao nyuki?" akauliza.

"Sana," Dresa akasema, akimnyooshea ule mkono unaotetemeka.

Akaushika, akapanda. Wakaketi juu ya magunia wawili wao, wananitazama. Nikawarushia kikapu cha ndizi, nikatafuta mahali pa kukanyaga.